Mume Wangu, Ukurasa wa 41

Kituo cha Mto
Ijumaa, 1 Machi

Mama Mwenyekiti,

Habari za nyumbani? Mimi mzima, mto mzima, na yule paka uliyeniambia nisimzoee nimeshamzoea. Naandika mbiombio kwa sababu Dereva ameshawasha gari na anapiga honi utadhani mimi ndiye ninayemchelewesha, wakati saa nzima alikuwa amekalia kiti changu pekee, anakunywa chai yangu na kunisimulia ugonjwa wa mgongo wake.

Mke wangu, nilitumwa huku kupima maji kwa miezi mitatu tu, na huu sasa ni wa sita. Simu hata nikipanda nayo kilimani inanionyesha saa, basi. Nimebaki na redio ya kazi, na redio ya kazi haina siri. Juzi asubuhi makao makuu waliniuliza kina cha mto, nikawasomea, halafu ulimi ukateleza nikasema, "Na mwambieni mke wangu nimemkumbuka." Vituo saba vikajibu kwa zamu, "Imepokelewa." Kituo cha nne kikaomba nirudie.

Kitanda cha huku ni chembamba, lakini bado nalala upande mmoja. Upande wako nimepanga daftari za mvua ili usionekane mtupu.

Jino la binti yetu limeng'oka? Usimruhusu aling'oe kwa uzi na mlango, ule mlango wa chumbani bawaba zake zimechoka. Na bado anatupangia nani akae wapi mezani? Mtoto wa miaka saba! Uenyekiti tulimpa kwa utani, sasa umemkaa.

Halafu kuna nguzo ya kipimo pale ukingoni. Imepata ufa kuanzia alama ya mita mbili mpaka mbili na nusu. Nitawaandikia rasmi, ila nimekwambia wewe kwanza kwa sababu mambo yangu yote nakwambia wewe kwanza.

La mwisho ndilo kubwa. Wameniletea fomu ya kuniongezea miaka miwili hapa. Lazima irudi kabla mwezi haujaisha. Nikisaini nimesaini, nisiposaini analetwa mwingine na mimi narudi mjini. Niambie wewe unataka nini. Usinizungushe, Mama Mwenyekiti, nijibu tu.

Wako,
Baba Mwenyekiti


Makao Makuu, Masjala
Jumatatu, 4 Machi

Baba Mwenyekiti,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Kawaida mfuko wa barua ukifika Ijumaa ninaufungua mimi, maana mfuko ni kazi yangu hapa masjala. Barua yako naichomoa kabla ya zote, naitia mkobani, na kila mtu anaendelea na maisha yake. Ijumaa iliyopita sikuwepo. Nilikuwa kwa daktari wa meno na mwanao, ambaye alilifunga jino kwa uzi na uzi akaufunga mlangoni. Bawaba ndiyo iliyotoka kwanza. Jino lilitoka nusu.

Kwa hiyo mfuko ulifunguliwa na Mzee wa Muhuri. Unamjua mwenyewe, amebakiza miezi kumi na moja astaafu, na katika miaka yake thelathini hajaruhusu karatasi impite bila kuipiga muhuri. Siku moja aliupiga kwenye karatasi iliyofungia mkate wake. Akafuata waraka mpya wa Meneja neno kwa neno. Waraka unasema hivi: chochote kitakachotoka kwenye mfuko kigongwe muhuri, kipewe namba, kiingizwe kwenye faili linalohusika, kipelekwe kwa Meneja. Kikishaingia faili hakitoki. Jibu lake nalo, nakala iingie faili hilohilo. Na Dereva asibebe karatasi yoyote nje ya mfuko, tangu alipozikalia zile hati za zabuni safari nzima na zikafika zimechapika suruali yake.

Huo waraka niliuchapa mimi. Niliubandika ukutani mimi, nikaukandamiza kwa pini nne usije ukadondoka.

Basi mume wangu, wewe sasa ni ukurasa wa 41 wa faili la "Mito: Kina na Mwenendo". Neno IMEPOKELEWA limekaa juu ya kitanda chembamba, na tarehe. Meneja amekusoma wote, kwa kalamu nyekundu. Penye nguzo ameandika, "Fundi aende mara moja." Penye kitanda ameandika, "Je, kituo kina upungufu wa samani?" Na pale ulipouliza ninataka nini ameandika, "Mtunza masjala ajibu ndani ya siku tatu."

Miaka tisa nimekuwa mkeo, leo ndiyo mara ya kwanza naagizwa kwa maandishi nikujibu. (Shikamoo, Bosi. Najua umefika mstari huu.)

Kuhusu fomu, fanya unaloona litafaa kazi yako. Sisi huku hatuna shida. Tunakula, tunalala, bawaba nimeshaifunga mwenyewe kwa misumari ya picha. Usituwazie.

Mwanao amekataa jino litupwe. Nimelifunga humu kama kiambatisho. Mzee wa Muhuri alijaribu kuligonga muhuri, likaruka mpaka chini ya kabati, tukalitafuta watu watatu.

Mtunza Masjala
(na mkeo)

Viambatisho: Jino moja.
Nakala: Faili.


Kituo cha Mto
Ijumaa, 8 Machi

Mtunza Masjala,
Makao Makuu.

Kuhusu: Hali ya mume

Rejea barua yako ya tarehe 4 Machi, ukurasa wa 42. Nakiri kupokea barua moja na jino moja, vyote vikiwa katika hali nzuri. Jino lina wino kidogo ubavuni.

Namjibu kwanza Bosi, kwa heshima zote. Samani hazina upungufu. Upungufu ni wa mtu.

Fundi alikuja Jumatano, nguzo ameifunga vyuma, na amenisifia chai. Mbali na Dereva, huyo ni mgeni wangu wa tatu tangu mwaka uanze. Wa pili alikuwa amepotea njia.

Nimeisoma barua yako mara nne. Nilikuomba usinizungushe, ukaniandikia kwamba hamna shida. Basi sawa. Nafurahi hamna shida, ndivyo mume anavyotakiwa kufurahi. Dereva naye amenipa habari yenu njema ambayo nadhani ulisahau kuiandika. Anasema, "Shemeji anapewa ukuu wa masjala nzima, chumba chake mwenyewe, jina mlangoni." Hongera sana. Miaka kumi na moja umekaa kwenye ule upepo wa mlango, ni haki yako kabisa.

Usinihurumie mimi. Huku nimeshazoea. Nimelima bustani nyuma ya kituo, mboga zimeshika vizuri. Natengeneza na meza, ya pili sasa, maana ya kwanza ilikuwa inayumba. Asubuhi nikishasoma kina nakaa ukingoni na daftari, mto unapita, paka anapita, na naweza kusema nina raha.

Mwambie Mwenyekiti jino lake nimelitia kwenye glasi dirishani na linaangalia mto.

Mpima Mto
(na mumeo)

[Pembeni, kwa kalamu nyekundu:] Nimesoma. "Upungufu ni wa mtu." Sijui hili linakwenda idara gani. Libaki faili. – Meneja


Makao Makuu, Masjala
Jumatatu, 11 Machi

Mpima Mto,

Nashukuru kwa hongera. Sikusahau kuandika. Cheo bado hakijawa rasmi, na chumba chenyewe ni chumba tu, kina feni na kufuli. Dereva mdomo wake hauna kufuli.

Umelima bustani. Umetengeneza meza mbili. Mtu hatengenezi meza ya pili mahali anapotaka kuondoka, mpaka hapo hata mimi naelewa. Nimefurahi kwamba una raha. Nimefurahi kweli, nimeisoma hiyo sentensi mpaka nikaikariri.

Wacha nikupe habari za huku ucheke, maana ni za kuchekesha. Wiki iliyopita kikao cha wazazi shuleni kiliwekwa Jumanne saa nne, na kikao chetu cha wiki hapa ni Jumanne saa nne. Nikaenda chetu. Chini ya meza nilikuwa nashona beji ya sare ya mwanao, na kila Meneja aliposema "tukubaliane" mimi nachomwa na sindano. Mara ya tatu nikasema "aa!" kwa sauti, ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba nimepinga ratiba ya magari. Sasa nimewekwa kwenye kamati ya ratiba ya magari.

Siku iliyofuata mwalimu akaniita. Kazi ya nyumbani ya mwanao ilikuwa imesainiwa "kwa niaba ya Meneja", na ule ukurasa wa hesabu nilikuwa nimeupiga muhuri. Sikumbuki nikiupiga. Mkono ulijiendea.

Na mtoto mwenyewe ameiga ya ofisini. Jana nilimwambia akaoge, akanijibu, "Nimepokea, nitalifanyia kazi." Nikamwuliza lini. Akasema kuna mambo yapo mbele yake kwenye foleni. Nimecheka hadi nimekaa chini, halafu nikanyamaza, kwa sababu hapakuwa na mtu mkubwa wa kucheka naye.

Naona umeshaamua. Saini fomu yako, Baba Mwenyekiti. Hongera na wewe.

Mtunza Masjala

[Pembeni, kwa kalamu nyekundu:] Mtunza masjala aondolewe kamati ya ratiba ya magari. Sikujua ilikuwa sindano. – Meneja


Kituo cha Mto
Ijumaa, 22 Machi

SIRI: Ifunguliwe na Meneja peke yake

Ndugu Meneja,

Shikamoo. Wiki iliyopita sikumwandikia mke wangu kwa sababu sikujua niandike nini, na pia nilijua kwamba wewe ungesoma. Leo nakuandikia wewe moja kwa moja.

Fomu sijasaini na sitasaini. Naomba nirudishwe mjini.

Sikufichi, kazi hii naipenda. Nimekuwa mpima maji miaka kumi na mbili, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini. Nilisema kweli kuhusu raha, ila sikuisema yote. Raha yenyewe inaisha saa moja jioni, nikishafunga daftari na kujikuta nimepakua chakula cha watu watatu. Ile meza ya pili ni kubwa mno kwa mtu mmoja, nimeitengeneza ya watu watatu bila kukusudia.

Mke wangu anapata cheo. Amekingoja miaka kumi na moja na hajanung'unika hata siku moja. Nikimwambia nabaki, ataacha cheo anifuate, namjua. Nikimwambia nimeacha kituo kwa ajili yake, atakataa na tutagombana mwezi mzima, na hilo pia nalijua. Njia iliyobaki ni moja. Niandikie barua kali ya kunirudisha. Sema natakiwa mjini haraka, sema mahesabu yangu ya mto hayaeleweki, sema lolote. Iwe amri yako, mimi nitanuna kidogo kwa heshima, na mambo yatakwisha.

Samahani kwa usumbufu.

Mpima Mto


Makao Makuu, Masjala
Ijumaa, 22 Machi

SIRI: Ifunguliwe na Meneja peke yake

Ndugu Meneja,

Nakaa vyumba viwili kutoka kwako, na ningeweza kugonga mlango. Lakini mdomo wangu ukifika mbele ya meza yako unasema "ndiyo, Bosi" kabla sijauamrisha, kwa hiyo naandika.

Naomba ule ukuu wa masjala apewe mwingine. Nimeshukuru, na nilijisikia vizuri sana ulipouleta, hata nyumbani nilisimama mbele ya kioo nikajitamkia cheo changu mara mbili. Lakini badala yake naomba nihamishiwe kituo cha mto, niwe mtunza kumbukumbu. Najua huko kuna stoo ya daftari za vina vya mto za miaka kumi na minane ambazo hazijapangwa. Miaka kumi na moja nimegonga muhuri taarifa za mto huo na sijawahi kuuona. Shule ipo ng'ambo ya daraja, nimeshauliza, Darasa la Pili wana nafasi, na mwalimu wao anaishi palepale.

Umesoma kurasa zote, kwa hiyo sina haja ya kujificha. Mume wangu ana raha kule. Mwanamume mwenye raha na kazi yake hapatikani kila siku, sitaki kuwa mtu wa kumtoa. Lakini miaka miwili siwezi, Bosi. Nilimwandikia kwamba hatuna shida, na siku ile niliporudi nyumbani nilikaa jikoni na koti la ofisini mpaka mtoto akaniuliza kama nasubiri kuhudumiwa. Nimechoka kumsoma mume wangu. Nataka kumwona.

Ombi langu kubwa ni hili. Asijue kwamba nimeomba. Atasema nimetupa cheo kwa ajili yake, na hatajisamehe. Naomba unipangie kule kwa amri, ikiwezekana kwa ukali.

Mtunza Masjala


Makao Makuu, Ofisi ya Meneja
Jumatatu, 25 Machi

Kwa: Mpima Mto, Kituo cha Mto
Kwa: Mtunza Masjala, Makao Makuu

Kuhusu: Maombi mawili ya tarehe 22 Machi

Ijumaa saa kumi alasiri niliwekewa mezani bahasha mbili za SIRI. Mzee wa Muhuri alikuwa ameziheshimu, amepiga muhuri kwa nje tu. Nilifungua ya kwanza, nikaisoma. Nilifungua ya pili, nikasoma nusu, nikainuka nikafunga mlango.

Nina miaka kumi na tisa ya uongozi. Nimeombwa nyongeza, likizo, viatu vya mvua, na mara moja niliombwa mbuzi. Sijawahi kuombwa na watu wawili, siku moja, niwaonee. Kila mmoja ananitaka niwe mkali ili yeye awe mwema. Mmepanga niingie kwenye historia ya familia yenu kama mtu mbaya mara mbili.

Nilifikiria kukubali yote mawili, kwa hasira tu. Mpima Mto angeshuka na gari la fundi, Mtunza Masjala angepanda na gari la barua, mngepishana darajani mkapungiana mikono. Kituo kingebaki na paka.

Ikabidi nilichukue faili nikalisome upya kwa utulivu. Nililipeleka nyumbani, kinyume cha waraka wangu mwenyewe, na kosa hilo nimejiandikia onyo. Mke wangu alikaa pembeni yangu akalisoma kuanzia ukurasa wa 41. Huko nyuma kwenye vina vya mto alipaacha, anasema hapana uhai. Alipomaliza akaniuliza, "Hawa watu wanaongea lini?" Nikamwambia wanaandikiana kila wiki. Akasema hakuuliza hilo. Kisha akaniuliza sisi wawili tunaongea lini, maana tangu nihamie ofisi hii nimekuwa nikifika nyumbani na ofisi yote mdomoni.

Kwa hiyo nasema wazi. Waraka wangu ulikuwa wa mfuko, haukuwa wa nyoyo za watu. Barua yenye jina la mtu na maneno "ya binafsi" kuanzia leo haifunguliwi na yeyote. Lakini kurasa zenu zilizokwishaingia zilikaa faili moja, na ndiyo maana mimi nimeona kile ambacho ninyi hamkukiona. Kila mmoja alikuwa na barua ya mwenzake tu. Mimi nilikuwa nazo zote. Mtunza Masjala ameandika hana shida, si kweli. Mpima Mto ameandika amezoea, si kweli pia. Mnadanganyana kwa adabu nzuri sana.

Naambatanisha kwa kila mmoja nakala ya barua ya siri ya mwenzake. Ndiyo, siri zenu nimezitoa. Anayetaka kunishtaki alete malalamiko yake, yapitie masjala.

Mnaagizwa kuhudhuria kikao Ijumaa tarehe 29 Machi, saa nne asubuhi, darajani. Shule zinafungwa Alhamisi, mtoto aje. Dereva atamleta Mtunza Masjala na atasubiri kwa muda wa saa mbili, si zaidi. Ajenda ni moja. Fomu irudi na gari hilohilo, yenye saini au isiyo na saini, na kumbukumbu za kikao ziambatanishwe. Sitatoa amri yoyote kabla ya hapo, hata nikiombwa kwa machozi.

Meneja

Nakala: Faili halitapewa.


Darajani
Ijumaa, 29 Machi

Ndugu Meneja,

KUMBUKUMBU ZA KIKAO

Waliohudhuria: Binti, miaka saba, Mwenyekiti. Mpima Mto, mjumbe. Mtunza Masjala, katibu. Dereva aliombwa abaki garini. Alibaki, akashusha vioo vyote vinne.

Kufungua kikao. Kikao kilichelewa dakika ishirini. Mjumbe alikuwa amefika tangu saa moja, amevaa shati la harusi ya mdogo wake, na katibu aliposhuka garini walitazamana. Walisimama tu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu amekufa. Akajibiwa hapana, akasema basi watu wakae. Akampangia kila mtu jiwe lake, mjumbe na katibu jiwe moja, akasema yamebaki machache.

Kumbukumbu za nyuma. Katibu alianza kwa kusema kwamba ameisoma barua ya siri ya mjumbe mara nyingi kuliko barua zake zote za wazi. Akamwuliza mjumbe, "Kwa nini hukuniambia mimi?" Mjumbe akasema, "Nilikuuliza unataka nini. Nilikuuliza tangu barua ya kwanza." Katibu akasema, "Uliniuliza mbele ya Bosi!" Mjumbe akasema hakujua kwamba ni mbele ya Bosi. Katibu akasema yeye ndiye aliyejua, na ndiyo maana akajibu kwa heshima ya ofisi, na kumbe hata ofisi ilipokuwa haipo, miaka mingi, wamekuwa wakijibizana hivyohivyo. Amechoka? Hapana, hajachoka. Anataka kitu? Hapana, hana haja. Katibu alilia hapa. Mjumbe naye, lakini aliomba isiandikwe. Katibu ameiandika.

Majadiliano. Mjumbe alieleza kwa kirefu kwamba cheo cha katibu ni cha haki yake na kwamba hawezi kumwona akikiacha. Katibu akasema anajua ni cha haki yake, ndiyo sababu ana haki ya kukiacha pia. Alisema kwamba kila alipojiona kwenye chumba kile na feni, alijiona akifungua barua za mume wake. Alisema vilevile, na anaomba hili Bosi ulisome vizuri, kwamba haendi mtoni kwa ajili ya kumfuata mtu tu. Zile daftari za miaka kumi na minane zinamwasha vidole. Hajawahi kupanga kitu kuanzia mwanzo, siku zote amepanga vya wengine waliokwisha kuvivuruga.

Mjumbe akarudia kwamba yeye ameshaomba kurudi mjini, na neno lake ni neno. Mwenyekiti akamwuliza, "Mjini unafuata nini?" Mjumbe akafikiri. Akasema alichokuwa anakifuata mjini kimeshashuka kwenye gari.

Dereva alipiga makofi. Alionywa.

Maamuzi. Mjumbe amesaini fomu juu ya boneti saa tano na nusu, imeambatanishwa. Katibu anaomba uhamisho wake uleule wa tarehe 22, bila siri na bila ukali, na Mwenyekiti ataanza shule ya ng'ambo muhula ujao. Mwenyekiti aliweka sharti moja, kwamba mezani kwa Baba viti atapanga yeye. Limepita bila kupingwa.

Gari linarudi na Dereva, fomu na kumbukumbu hizi. Katibu na Mwenyekiti hawarudi nalo. Wanaomba likizo kuanzia dakika hii mpaka Jumatatu ya tarehe 8 Aprili, ndipo katibu atakuja kukabidhi ofisi. Ufunguo wa kabati anao Mzee wa Muhuri. Tafadhali mwambie mkeo, kabla hujaliweka faili pembeni, kwamba tumeongea.

Mengineyo. Yalikuwepo mengi. Hayakuandikwa, kwa sababu mkono wa katibu wa kuandikia ulikuwa umeshikwa na mjumbe, na katibu hakuomba arudishiwe.

Mtunza Masjala